Utani wa Shushani Sonara

Mambo yaliharibika Jumapili, siku mbili kabla ya hija ya sinagogi la Ghriba, katika uchochoro wa masonara hapa kwetu kisiwani Djerba.

Ghazala aliingia dukani kwa Shushani kuchagua pete. Gauni la kijani, hina imekolea viganjani, mwendo wa bibi harusi mtarajiwa. Shushani akamvisha moja, akatoa utani anaowatania mabibi harusi wote. Hata marehemu mke wangu, Shushani alimtania hivyo, ila siku ile dukani walikuwepo wanawake tu.

"Wewe ni wangu kwa pete hii, kwa sheria ya Musa na Israeli!"

Ghazala akacheka. "Haya, mume wangu, nyumba yetu iko wapi?"

Mlangoni walisimama wanaume wawili, wote wanalipwa na kamati ya jumuiya. Hija imewafika shingoni, wao wanatazama vidani!

Kwetu Wayahudi maneno hayo, pete iliyo mali ya mwanamume mwenyewe na mashahidi wawili wanaume, ni ndoa. Kabla jua halijatua, marabi wakaamua: kwa tahadhari, Shushani atoe talaka. Na Makhlufu, mchumba wa Ghazala, ni wa ukoo wa makuhani. Kuhani haoi mtalaka.

Makhlufu akampigia Ghazala simu.

"Ulimwita mume wangu?"

"Utani tu, roho yangu."

"Mbona mimi hujaniita hivyo hata siku moja?"

"Nilikuwa nakuwekea, mpumbavu wewe!"

Ghazala akakata simu.

Kesho yake Makhlufu alikuwa sokoni ananunua sambusa ya yai, akakutana na mke wa mwenyekiti wa kamati.

"Pole, mwanangu. Binti yetu Zaira anakusalimia sana."

Makhlufu akaiacha sambusa mezani kwa muuzaji. Maiti ya uchumba haijapoa, salamu zishafika? Akaenda mbio kwa kina Ghazala.

"Fungua, kipenzi. Mimi ni punda. Kumbe mwenyekiti ananitaka kwa Zaira wake."

"Punda hawezi kuchezewa na kamati. Wewe umechezewa." Lakini akafungua, akiwa analia na kucheka.

Wakaenda pamoja mbele ya marabi. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele, kama kawaida yao wakubwa, koti jipya, uso wa huruma.

"Binti, nyoosha mikono upokee talaka, yaishe."

Ghazala akaificha mikono nyuma. Makhlufu akaishika hapo hapo, watu wote wanaona.

"Sipokei, baba mwenyekiti." Ghazala akawageukia wale mashahidi wawili. "Kwanza ninyi wawili mniambie. Nani aliwatuma mlangoni kwa Shushani?"