Migogwe Iliyonyauka

Kila jioni Rabia alivua sare ya shule, akala kiporo cha muhogo na maharage, kisha akachukua dumu na kuteremka bondeni kuchota maji ya kumwagilia bustani ya baba yake. Na kila jioni alinung'unika. Alinung'unika akiteremka, akanung'unika zaidi akipanda kilima na dumu kichwani.

"Mwenzangu, mdomo wako utachoka kabla ya miguu," Josepha, rafiki yake wa darasa la sita, ambaye naye alikuwa na dumu lake, alimwambia.

"Wewe unacheka kwa sababu umezoea. Mimi hii miti inanikera! Kila siku maji, maji, maji!"

Baba yake Rabia, Rashid, alikuwa tabibu katika zahanati ya kijiji kimoja cha Busunzu, wilayani Kibondo. Alikuwa amehamishiwa huko kutoka Kondoa, na kitu alichokikumbuka kuliko vyote ni juisi ya ukwaju. Alipokwenda likizo alirudi na mbegu mfukoni, akaziloweka, akaziotesha, na sasa alikuwa na mikwaju mitatu midogo kwenye kona ya bustani. Mikwaju ile ilikua polepole mno.

"Baba, mti huu utazaa mimi nikiwa bibi," Rabia alimwambia siku moja.

"Basi wajukuu zako watakunywa juisi," baba alijibu.

Mbele ya mikwaju palikuwa na mistari miwili ya migogwe. Hiyo ilikua haraka. Ilikuwa imeshampita Rabia kwa kimo, ina majani mapana kama sahani, na mwaka huo wa 2013 ndiyo kwanza ilianza kuning'iniza magogwe, matunda yenye umbo la yai, ambayo majirani wote waliyaita binyomoro. Miche yake walipewa na Bibi Esteri, bibi yake Josepha, aliyeishi ng'ambo ya ua. Bibi Esteri alikuja Tanzania kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa, akapata uraia hapa, na hapa alimzika mumewe. Shamba lake la magogwe ndilo lililomlisha yeye na mjukuu wake. Kila siku ya gulio alijitwika kikapu kilichojaa na kurudi nacho kitupu.

Siku aliyowapa miche alisema, "Ukwaju unavumilia jua. Lakini kinyomoro ni mtoto wa kudeka. Mizizi yake iko juu juu. Kiangazi ukimnyima maji, anakufa unamwona."

Kiangazi kilipofika, baba alimkabidhi Rabia kazi ya kumwagilia.

Kwa majuma ya kwanza Rabia alifanya kazi hiyo, pamoja na manung'uniko yake. Kisha wasichana wa darasa la sita wakaanza mashindano ya rede na wasichana wa darasa la saba. Mechi zilichezwa jioni, uwanja wa shule, na hakuna aliyekwepa mpira kama Rabia. Jioni ya kwanza alicheza hadi jua likakaribia kuzama. Akapita bondeni mbio, akajaza dumu nusu, akamwaga maji yote kwenye migogwe iliyokuwa karibu na njia, ile ambayo baba angeiona kwanza.

"Umemwagilia?" baba aliuliza aliporudi kutoka zahanati.

"Nimemwagilia, baba."

Ilikuwa rahisi kuliko alivyofikiri. Kesho yake akafanya vilevile. Keshokutwa hakwenda bondeni kabisa. Alichukua kata ya maji jikoni akalowesha udongo wa juu tu.

"Umemwagilia?"

"Ndiyo, baba! Kila siku unaniuliza hivyo hivyo!"

Mashindano yaliendelea, na jua la Julai nalo likaendelea kukausha udongo. Siku moja baba alisimama bustanini, mikono kiunoni. Majani ya migogwe yalikuwa yamelegea kama nguo mbichi kwenye kamba. Mengine yalikuwa ya njano, na matunda machanga yalikuwa yameanza kudondoka.

"Rabia! Njoo hapa. Hii miti inapata maji?"

Kusema kweli sasa kulimaanisha kukiri uongo wote wa nyuma.

"Inapata. Mbona mikwaju haijanyauka, baba? Ingekuwa ni maji, si na yenyewe ingenyauka?"

Baba aliitazama mikwaju. Kweli, ilikuwa kijani kibichi, imesimama kama haijui kwamba ni kiangazi. Akakuna kichwa. "Unasema kweli. Basi si maji. Huu ni ugonjwa."

Akamwita Bibi Esteri. Bibi alikuja amejifunga kitenge, akainama, akalivunja jani moja na kulinusa. Akapiga magoti akachimbua udongo kidogo kwa kidole. Udongo wa juu ulikuwa na unyevu, kwa maana Rabia alikuwa ametoka kuulowesha. Uso wa bibi ulibadilika.

"Mwana wanje, mwanangu, maji unatia kweli?"

"Kila siku, bibi," Rabia alisema, akitazama miguu yake.

"Basi Mungu atusaidie. Ni mnyauko. Uliingia kwenye migomba ya kaka yangu, ukaimaliza yote. Huanza hivihivi, na husafiri hata kwa jembe." Akamgeukia baba. "Daktari, ulipopalilia hapa, jembe ulilolitumia si lile ulilotoka kuniazima?"

"Ndilo hilo, mama. Nikakurudishia siku ileile."

Bibi Esteri alitazama ng'ambo ya ua, kwenye migogwe yake mirefu iliyoinama kwa uzito wa matunda, kisha akaondoka polepole.

Kesho yake asubuhi, siku ya Jumamosi, Rabia aliamshwa na mlio wa panga. Alitoka nje akiwa bado na kanga ya kulalia. Ng'ambo ya ua Bibi Esteri alikuwa anakata migogwe yake. Mti mmoja ulikuwa umelala chini na matunda yake mabichi yametapakaa kila mahali. Josepha alikuwa anayaokota na kuyatia kwenye kikapu. Machozi yalimtiririka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Josepha, mnafanya nini?"

"Huoni? Bibi anakata mstari mzima wa huku uani, kabla mnyauko wenu haujaingia shamba zima. Sasa gulioni tutapeleka nini? Hata haya ni mabichi, nani atayanunua?"

Bibi aliinua panga tena, kwenye mti wa pili.

"Bibi, usikate!" Rabia alipiga kelele hadi sauti ikakwaruza. "Usikate! Hakuna ugonjwa! Sikumwagilia!"

Panga lilibaki hewani. Baba alitoka nyumbani na mswaki mdomoni.

"Umesema nini?"

"Sikumwagilia, baba. Nilikuwa nacheza rede. Nilikuwa nalowesha juu tu ili uone pamelowa. Ni kiu tu. Si mnyauko."

Wote walisema kwa pamoja.

"Nimekuuliza mara ngapi?" baba alifoka. "Mara ngapi, Rabia? Na ukanipa na ushahidi wa mikwaju! Mimi mtu mzima nikakaa nikauamini!"

"Jana nimekuuliza mimi, mbele ya baba yako!" Bibi Esteri naye alisema, akilitupa panga chini. "Mti huu nimeulea kama mtoto! Nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe!"

Josepha alikuwa na neno moja tu. "Kumbe!" alisema, akamgeuzia Rabia mgongo. Neno hilo lilimchoma Rabia kuliko yote.

Bibi Esteri aliketi juu ya shina lililoanguka, akipumua kwa nguvu. Hasira yake haikuisha upesi, lakini hakuwa mtu wa kukaa na hasira mikono mitupu. Baada ya kitambo alianza kukata matawi ya mti ule vipande vipande. "Kinyomoro hushika kwa tawi," alisema. "Haya tutayapanda. Na wewe, chukua dumu."

Rabia alikimbia bondeni. Aliporudi, kwa shauku ya kutengeneza alichokiharibu, alimimina dumu zima kwenye mgogwe mmoja.

"Unafanya nini, wewe mtoto?" Bibi Esteri alishika kichwa. "Jana umeunyima, leo unauzamisha! Kidogo kidogo! Polepole!" Akamfundisha kumwaga maji kwa kata, kuzunguka shina, na kufunika udongo kwa majani makavu ili unyevu usikimbie. Alimfundisha akiguna kila hatua, lakini alimfundisha.

Kuanzia siku hiyo Rabia alichota maji asubuhi na jioni, ya bustani yao na ya vipandikizi vya bibi. Mashindano ya rede yaliisha bila yeye. Migogwe mingine ilikufa, wakaing'oa. Mingine ilisimamisha majani tena, na vipandikizi vya bibi vikaanza kutoa vichipukizi. Josepha alikaa siku nyingi bila kumsemesha. Halafu jioni moja, wakipanda kilima, alimwambia, "Dumu lako linavuja, funga vizuri." Rabia alifurahi kama amepewa zawadi.

Jioni moja baba alirudi kutoka zahanati, akauliza kama kawaida, "Umemwagilia?"

Rabia alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kinamuuma. Alikumbuka jinsi neno "ndiyo" lilivyo jepesi kutoka.

"Leo hapana, baba. Kichwa kinaniuma, na pia nimeona uvivu kidogo."

Baba alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka na watoto wa dunia nzima. Kisha akaketi kando ya mkeka, akamgusa paji la uso.

"Sikiliza, mwanangu. Zahanatini anakuja mtu, namuuliza, dawa umemeza zote? Ananiambia zote. Kumbe kaziacha nyumbani. Mimi naona haponi, nampa dawa kali zaidi, na pengine namuumiza. Hapo simtibu yeye, natibu maneno yake. Bibi Esteri naye hakukata mti mgonjwa. Alikata mti mzima kwa sababu alikuamini. Mvivu akisema ukweli, tunaweza kumsaidia siku hiyohiyo. Lakini mwongo anatufanya sote tuharibu kazi, huku tukidhani tunatengeneza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

"Haya. Meza dawa hii, mbele yangu." Akamsubiri ameze, akasimama, akakunja suruali hadi magotini. "Dumu liko wapi? Leo nakwenda mimi."