Mguu wa Mjomba Ketlo

Pikapu ilizimika mara ya tatu katikati ya uwanda wa chumvi wa Ntwetwe. Safari hii tairi za nyuma zilitoboa ganda la juu zikazama kwenye tope la kijivu. Kwenye kiti cha nyuma, Boitshepo aliuma blanketi asipige kelele. Fahali alikuwa amemvunja mguu alfajiri, na mfupa ulikuwa nje. Zahanati ya Gweta ilikuwa kilomita arobaini mbele. Kaskazini mvua ilisimama kama ukuta. Ikiwafikia, uwanda mzima ungegeuka uji.

"Petroli chafu," alisema mumewe, Ketlo.

"Mjomba, mwezi uliopita ulisema plagi," alijibu Gaone, mtoto wa dada yake. "Kabla yake pampu. Vyote vipya, na bado tunasukuma."

"Diploma imekupa mdomo."

"Imenipa na hii." Alitoa kipima umeme cha mafundi, kile cha mshale.

"Hilo dude la makumbusho?"

Gaone alichomeka pini kwenye nyaya za sensa inayoiambia injini mguu umekanyaga mafuta kiasi gani. "Washa swichi, usipige stata. Kanyaga."

Ketlo alikanyaga hadi chini kwa pigo moja. Mshale ukaruka, ukatulia.

"Nzima! Mafundi wote walisema nzima."

"Wote walikanyaga kama wewe. Sasa polepole, kama unakanyaga yai."

Mshale ulipanda, ukapanda, ukaanguka sifuri, ukainuka tena. Wakarudia. Palepale.

"Mguu ukiwa hapo, gari linakwenda ngapi?"

Ketlo aliondoa mguu kwenye pedali.

"Sitini," Boitshepo alisema huku amebana meno. "Miaka kumi na minane, sitini. Hata siku ya harusi yetu."

"Basi mguu wake umeisugua sensa hapo mpaka imelika. Tunapita juu ya hapo. Tisini."

"Gari langu halijawahi kuona tisini!"

"Leo litaona."

Walichimba kwa koleo na kwa kucha. Walitandika turubai chini ya tairi. Maji ya mwisho, nusu chupa, alipewa Boitshepo. Walisukuma, na gari lilipochomoka, Gaone alichomoa ufunguo mkononi mwa mjomba wake, akakaa kwenye usukani.

Injini ilikohoa mguu ulipopita pale pabovu, kisha ikanguruma. Sabini. Tisini. Chumvi iliruka pande zote mbili.

"Punguza! Utatuua!" Ketlo alipiga kelele.

Hakupunguza. Mvua iliwapiga kilomita ya mwisho ya uwanda. Gari liliteleza ubavu, likayumba, likashika nyasi.

Jioni, kwenye baraza ya zahanati, muuguzi alitoka akasema mguu hautakatwa. Ketlo alifunika uso kwa kofia. Gaone alimnyooshea ufunguo. Hakuupokea.

"Uendeshe wewe kurudi," alisema. Kisha, kwa sauti kavu: "Lakini ulininyang'anya ufunguo mbele ya mke wangu. Mjomba huombwa radhi."

"Siombi."

"Basi kesho, mbele ya mama yako."

"Hata kesho, Mjomba. Siombi."