Suruali za Mguu Mmoja

Saa nne asubuhi, mbele ya duka la zipu na vifungo ambapo watu hupigana vikumbo sokoni, mfuko wa fundi cherehani ulipasuka. Zikamwagika suruali sita, kila moja imekatwa mguu mmoja kwenye goti.

Kijana mmoja kinyozi, shati jeupe limenyooka, marashi yanamtangulia hatua tatu, aliokota mbili akacheka.

"Dada, hizi umempimia nani? Korongo?"

"Nimempimia baba yangu na wenzake. Miguu waliiacha vitani."

Kinyozi akamrudishia zile mbili kwa mikono miwili. Fundi alizikusanya akaondoka zake, gauni la kijani limemkaa sawasawa, utepe wa kupimia unaning'inia shingoni kama mkufu. Kinyozi akamkimbilia.

"Nisamehe, dada. Mimi kazi yangu kunyoa. Hao wazee wana nywele?"

"Nywele wanazo. Miguu ndiyo ya kuhesabu."

Alhamisi alifika kwenye makao ya maaskari wastaafu na mashine yake ya kunyolea. Alhamisi iliyofuata akarudi. Wazee walijua kinachopikwa kabla ya wapishi wenyewe.

"Fundi wangu, umekula?" alikuwa akipiga simu kila mchana.

"Nimekula. Kwani wewe daktari?"

"Mimi mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

"Nangoja Alhamisi."

"Hebu nyoa watu huko, muongo wewe!" Na fundi alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Mwaka wa pili, redio ikatangaza tuzo ya taifa ya watu wanaojitolea kuwahudumia maaskari wastaafu. Sharti lilikuwa moja: anayependekezwa asijue. Kinyozi akaleta fomu. Wazee wakasimulia habari za fundi, yeye akaandika, wote wakatia sahihi. Mzee asiyeona akatia dole gumba. Sajini, babake fundi, akapiga mkono kwenye kiti chake cha magurudumu. "Atakayefungua mdomo, mimi simjui!"

Lakini kinyozi shule aliisoma kwa kurukaruka. Mstari wa juu ulitaka jina, naye akaweka lake, kama anavyofanya kwenye fomu zote. La fundi akaliandika chini kabisa, mahali pa mpendekezaji.

Orodha ya washindi ilipotoka gazetini, fundi alisoma jina la kinyozi. Akapiga simu.

"Hongera, mheshimiwa."

"Ya nini tena, kipenzi?"

"Miaka kumi na moja nawashonea sijadai hata sindano. Wewe mwaka mmoja na nusu umeshajiombea nishani! Kumbe Alhamisi zote ulikuwa unatafuta picha ya gazetini?"

"Subiri nikue..."

Simu ikakatwa, namba ikafungiwa. Alipomfuata dukani kwake, fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu asimsikie. Ofisini kwa wenye tuzo karani alimwambia, "Vyeti vimeshachapwa, kaka. Njoo siku yenyewe uyaseme hayo." Na fundi alipombana baba yake, mzee alijibu, "Amri ni amri. Siku ikifika utajua."

Siku ilifika. Fundi alikwenda kwa sababu tu kiti cha baba kilihitaji wa kukisukuma. Gauni la buluu, uso wa matanga. Kinyozi akapanda jukwaani na koti la kuazima, mkono umefumuka mshono. Fundi aliuona, na vidole vikamuwasha.

Katibu wa tuzo akasoma sifa za mshindi: "Mtu huyu hufupisha suruali zetu, na mshono huuweka nje usichubue kidonda. Kabla hajapima, huuliza, 'Mguu umeamkaje leo?' Huulizia hata mguu ambao haupo, maana anajua nao huuma."

"Nani, kinyozi?" akapayuka mzee asiyeona. "Huyo hata uzi hajui kuutunga!"

Safu nzima ya maaskari ikaangua kicheko. Fundi akainua uso. Maneno yale yalikuwa yake. Huwa anayasema amepiga magoti, akidhani hakuna anayeyaweka akilini.

"Waheshimiwa, nilikosea mstari," kinyozi alisema, jasho linamtiririka. "Wa juu ndiye wa chini. Mwenye tuzo ni yule wa gauni la buluu."

Katibu alifunua fomu, akaona, akaliita jina lenyewe. Ukumbi ukasimama, na wasioweza kusimama wakapiga magongo sakafuni.

Nje, nishani kifuani, fundi alimkabili.

"Mwanaume mzima, fomu tu imekushinda?"

"Iko nyingine nataka kuijaza, kipenzi. Ya ndoa. Yako na yangu."

"Ukiijaza wewe, utajikuta umemuoa baba."

"Mimi simtaki!" Sajini akadakia.

Fundi akashusha pumzi aliyokuwa ameibana wiki tatu. "Hiyo nitaijaza mwenyewe." Kisha akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni. "Lete huo mkono. Na utulie, nisije nikakuchoma."