Msumeno wa Mbao Sita

Jua lilikuwa limeinama juu ya ziwa pale Usenge wakati fundi Opondo alipomshushia Dorca, mama muuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, meza aliyomwagiza. Kazi ya kawaida kabisa. Angekunywa chai, kisha arudi zake Kisumu. Lakini fundi ni fundi tu. Macho yake yalikwenda ukutani, kwenye msumeno mkuukuu ulioliwa na kutu.

"Hiyo ilikuwa ya baba," Dorca alisema. "Alikuwa anatengeneza masanduku ya maiti. Chukua ukitaka, mimi nimechoka kuiona. Lakini usitoe hiyo kutu. Baba mwenyewe alikuwa anamwagia maji ya chumvi ndio ioze."

"Sasa msumeno ya kuoza ni ya nini, Mama?"

Dorca akageukia omena zake.

Opondo aliuchukua, akacheka njia nzima. Alikuwa mtu wa ubishi, na akiona chuma kizuri kichafu mikono humwasha. Kesho yake asubuhi, kibandani kwake katika soko la Kibuye, Kisumu, alimimina mafuta taa kwenye bamba akasugua kwa msasa hadi jasho likamtiririka. Karibu na ncha kikatokea kinundu kidogo, ambacho misumeno ya dukani siku hizi haina. Kwenye nati ya shaba ya mpini ukatokea mwaka: 1931. Opondo alifurahi kama mtoto. Chini ya kutu kulikuwa pia na mikwaruzo ya msumari, imepangwa sita sita, safu kwa safu. Akaiona ni uchafu tu. Akaifuta yote.

Halafu akakaa na tupa ya pembe tatu, jino baada ya jino, akayapinda moja kushoto, moja kulia. Kazi ya kwanza ya msumeno huo alikuwa ameshaiamua: kitanda cha mtoto. Mkewe Rachael alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili kuharibika. Hii ya tatu ndiyo iliyoshikilia nyumba yao. Watu wa kwao hawamtengenezei mtoto kitu kabla hajazaliwa. Opondo aliyajua hayo, akayaita ushamba.

Alipima futi nne, akachora kwa penseli, akakata.

Krrr... krrr... krrr...

Kipande kikaanguka. Kilikuwa futi mbili. Alama ya penseli ilikuwa bado nzima, mbali na pale meno yalipopita.

Akapima tena. Futi mbili. Akapima tena. Futi mbili. Alipokata kipande cha nne hakubandua macho kwenye mstari hata kidogo, na kipande kikaanguka futi moja. Unga wa mbao haukunuka saiprasi, mti aliokuwa akiukata.

Ulinuka udongo uliochimbwa leo.

Akampigia Dorca.

"Umetoa kutu," Dorca alisema, kabla hata ya salamu.

"Mama, hii kitu inakata penye inataka..."

"Zimefika ngapi?"

"Nne."

Sauti ya Dorca ikashuka ikawa mnong'ono. "Sanduku ni mbao sita. Ikishaanza, inajua ni ya nani. Usikate tena, Fundi. Hata moja."

"Sasa nifanye nini?"

"Baba alijaribu yote. Alichoma, alizika. Kutu tu ndio ilisaidia, na ilichukua miaka."

Kabla hajaweka simu chini, ikaita. Rachael.

"Opondo, mtoto hajacheza tangu saa nane."

Saa nane ndipo alipokata kipande cha kwanza. Aliusukuma msumeno chini ya meza akakimbia, hakukumbuka hata kufunga kibanda.

Giza lilikuwa linaingia walipofika zahanati. Muuguzi alimpaka Rachael mafuta tumboni, akaweka kimashine cha kusikiliza moyo wa mtoto.

Tup... tup... tup...

"Yuko," muuguzi alisema. "Anapiga polepole, lakini yuko."

Rachael akalia. Opondo naye akalia bila aibu, mbele ya muuguzi. Nne tu, alijiambia. Nne si sanduku.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Nicodemus, fundi wa kibanda cha jirani. Pale Kibuye mwenzako akiwa hayupo unachukua kifaa chake, unafanya kazi, unarudisha. Hakuna anayeuliza.

"Bwana, hii msumeno yako ni kali! Nimekuweka kwa spika nikikata. Lakini kipimo imenikataa. Nilipima futi tano, ikatoka moja. Sasa niko kwa ya pili."

Krrr... krrr...

"Nicodemus, acha! Acha hapo hapo!"

"Namaliza tu, imebaki kidogo."

Kipande kikaanguka. Opondo alikisikia kikigonga sakafu.

Muuguzi akasogeza kimashine kushoto. Akakisogeza kulia. Akaongeza sauti mpaka mwisho.

Kimya.

"Hebu ngojeni," alinong'ona, na hakumtazama mtu usoni.

Kwenye simu Nicodemus alikuwa anacheka peke yake. "Bwana, hizi zangu zinaingiana kabisa na zile zako nne. Kwani ulikuwa unatengeneza nini?"