Kioo Kinachotoka Jasho

Kila siku ya hospitali, Twaiba aliamka alfajiri akiwa bado amechoka. Alichemsha chai. Alimsaidia mama yake kuvaa. Kisha alitoka nje kuondoa turubai lililofunika gari.

Msimu wa masika ulikuwa umeingia Bongwe. Mvua ilinyesha usiku, ikapumzika, ikarudi.

Mama yake, Bi Esha, alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi alikwenda Msambweni kusafishwa damu kwa mashine. Gari lilikuwa la Swabir, mume wa Twaiba. Swabir alikuwa mpishi katika hoteli moja huko Diani. Aliondoka mapema kwa pikipiki. Kwa hiyo dereva wa mama alikuwa Twaiba.

"Umevaa soksi, mama?" Twaiba aliuliza Jumatatu moja.

"Nimevaa mbili mbili. Miguu yangu ni barafu humo garini."

Garini kulinukia udi. Jioni ya kuamkia safari, Bi Esha aliingiza chetezo chenye makaa, akafukiza, akafunga milango. Gari lilikuwa na uvundo, na yeye hakupenda kwenda mbele za watu akinuka uvundo.

Walifunga madirisha, wakaondoka.

Walipofika Mwabungo, mvua ilizidi. Kioo cha mbele kiliingia ukungu kwa ndani. Twaiba alishika usukani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alifuta kioo kwa ncha ya leso. Alifuta, kikarudi cheupe. Alifuta tena.

"Twaiba!" Bi Esha alipiga kelele.

Twaiba alikanyaga breki. Mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye madafu aliruka pembeni. Baiskeli ilianguka mtaroni. Madafu yalitawanyika.

Mwanamume aliinuka, akajipangusa magoti. Hakuumia. Alikuja hadi dirishani.

"Dada, wewe unaendesha kwa macho au kwa kupapasa?"

"Nisamehe, kaka. Wallahi sikukuona."

"Najua hukuniona! Mimi nimekuona vizuri sana!"

Twaiba alishuka kwenye mvua, akamsaidia kuokota madafu.

Jioni, waliporudi nyumbani, Bi Esha hakushuka garini mara moja.

"Twaiba, Alhamisi siendi."

"Huendi wapi?"

"Msambweni. Sipandi tena gari hili."

"Mama, ukikosa mashine, maji yatakujaa mwilini. Daktari alituambia."

"Nilimsikia. Lakini figo mbovu ni zangu. Roho ya yule bwana wa madafu si yangu. Na wewe umechoka, mwanangu. Mimi pia nimechoka. Miguu yangu imeanza kupoa. Marehemu mama yangu alianzia miguuni."

Twaiba alipomlaza mama yake, alikwenda kwa jirani yao, Warda. Warda alikuwa mwalimu wa udereva Ukunda. Ndiye aliyemfundisha Twaiba kuendesha. Twaiba alimsimulia yote huku akilia.

Asubuhi mvua ilikatika, jua likachomoza. Swabir alikuwa na siku yake ya mapumziko. Warda alipiga hodi.

"Shikamoo, Bi Esha."

"Marahaba. Umeletwa kunishawishi?"

"Sikuja kwako, mama. Nimekuja kumtazama mgonjwa mwingine, huyu wa magurudumu manne."

Warda alifungua mlango wa gari, akanusa.

"Udi mzuri. Na chini ya udi kuna nini?"

"Uvundo," alisema Twaiba.

"Kumbe! Na chetezo mnaingiza humu, na milango imefungwa?"

"Nafunga ili moshi ushike," alisema Bi Esha.

"Usirudie, tafadhali. Mkaa unaowaka hutoa sumu isiyonusika. Mtu akifungiwa nayo hulala asiamke. Tena uvundo ni habari, mama. Ulikuwa ukituambia kuna maji humu. Nyinyi mmeuziba mdomo."

Bi Esha alinuna, lakini alisogeza kiti chake karibu ili aone.

Warda alitandika gazeti kavu juu ya zulia la gari, mbele ya kiti cha Bi Esha. Alilikanyaga. Gazeti lilitoka limelowa chepechepe.

"Hayo maji yametoka wapi?" Swabir aliuliza. "Mimi hulifunika gari kila jioni ili lisilowe!"

"Likiwa kavu au likiwa limelowa?"

"Vyovyote litakavyokuwa."

"Na wewe ni mpishi? Ukifunika sufuria yenye maji ya moto, mvuke huenda wapi?"

"Hukaa kwenye mfuniko."

"Basi hilo turubai ndilo mfuniko wako."

Swabir alicheka, akajikuna kichwa.

Warda alifungua boneti. Chini ya kioo cha mbele palikuwa na mfereji mwembamba wa kupitisha maji ya mvua. Ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini, yaliyooza na kuwa matope.

"Mwagia maji kiooni," alimwambia Swabir.

Swabir alimwaga jagi zima. Twaiba alichungulia ndani. Maji yaliteremka polepole nyuma ya dashibodi, yakaingia kwenye zulia.

"Yanaingia hapa!" alisema. "Mama, yanaingia pale unapoweka miguu!"

Bi Esha aliinuka. Aliegemea mlango, akabonyeza zulia kwa mkono wake. Maji baridi yalipanda kati ya vidole. Alitazama mkono ule kwa muda.

"Kumbe ni haya?" alisema taratibu. "Nilidhani kifo kimeanza kunipanda."

Hakuna aliyecheka. Twaiba alimshika bega.

Siku ile hawakupumzika. Swabir alitoa majani yote, akasafisha mfereji hadi maji yakapita vizuri. Waliondoa zulia na sifongo iliyo chini yake, wakavianika. Walifuta sakafu kwa taulo kuukuu. Walifungua milango yote, jua likaingia hadi alasiri. Vioo walivifuta kwa ndani kwa kitambaa safi, maana uchafu hushika ukungu.

"Lakini kwa nini kioo kitoke jasho?" Twaiba aliuliza.

"Gilasi ya maji ya barafu haitoki jasho mezani?" Warda alimjibu. "Gilasi haivuji. Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Ikigusa kitu baridi, huyaacha pale. Mvua hupoza kioo chako. Ndani kuna zulia lililolowa na pumzi zenu. Madirisha mmefunga."

"Nifanye nini basi?"

"Washa kiyoyozi."

"Kiyoyozi?" Bi Esha alishtuka. "Mnataka kuniua kwa baridi?"

"Kiyoyozi hukausha hewa, mama. Kiwashe, kisha zungusha kitufe cha joto upande mwekundu. Utapata hewa kavu na yenye joto. Elekeza kiooni na miguuni. Na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe, ili hewa iingie kutoka nje. Ukungu ukiwa upande wa nje wa kioo, huo hufutwa na waipa. Na kama huoni, simama pembeni. Usiendeshe kwa kubahatisha."

Alhamisi alfajiri mvua ilinyesha tena. Zulia lilikuwa halijakauka vizuri, wakaliacha nyumbani. Bi Esha alisimama mlangoni, hajavaa viatu.

"Nitakaa ndani tu," alisema. "Gari lisiondoke hapa. Kioo kikipata ukungu, nashuka, na msinibembeleze."

"Sawa, mama."

Aliingia. Twaiba aliwasha injini, akawasha kiyoyozi, akazungusha kitufe cha joto. Walikaa wakisikiliza mvua juu ya paa. Walipumua. Kioo kilianza kuwa cheupe. Bi Esha aligusa kitasa cha mlango.

"Subiri kidogo, mama. Injini bado haijapata moto."

Sehemu safi ilitokea chini ya kioo, karibu na dashibodi. Ilipanda. Ilipanuka polepole hadi juu. Twaiba aliona ua wa makuti. Aliona mgomba wa jirani. Aliona barabara.

Bi Esha aliinama, akashika vidole vya miguu yake. Vilikuwa vikavu, na hewa ya vuguvugu ilivipuliza. Aliachia kitasa. Alitazama mbele, kisha akamtazama bintiye aliyekuwa akipangusa macho.

"Sasa tumekaa kwa nini? Nipe viatu vyangu, twende. Tutachelewa mashine."