Pumziko Ambalo Mpiga Pasi Hakuliomba

Ilikuwa Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na vioo vya duka la dobi vilikuwa vimejaa ukungu.

Ndani, Mama Foronya alikuwa akikunja mashuka ya hospitali. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu foronya yenye kunyanzi hata moja haikutoka dukani mwake. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia nchi hii ya ugenini miaka sita iliyopita. Walianza na mashine moja ya kufulia. Sasa walikuwa na mashine tano, mkataba wa kufua nguo za hospitali, na kibali cha kuajiri wafanyakazi.

Aliyeshika pasi ya mvuke siku hiyo alikuwa wifi yake, ambaye hakuizoea kazi hiyo. Harufu ya kuungua ilienea.

"Wifi, hilo ni shuka, si mkate," alisema Mama Foronya.

"Mwambie kaka yangu anunue pasi yenye adabu. Hii ina hasira kama yeye."

Simu ya kaunta ililia. Mama Foronya akaipokea akicheka. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Alikuwa afisa wa ofisi ya kazi. Alisema kwamba mpiga pasi wao wa zamani amelalamika. Anadai ameachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Afisa atafika dukani Alhamisi asubuhi. Ikithibitika kwamba ni kweli, na wenye duka wasirekebishe kosa hilo, watanyang'anywa kibali cha kuajiri.

Mama Foronya alikaa juu ya kapu la nguo. Bila kibali hakuna wafanyakazi. Bila wafanyakazi hakuna hospitali. Na bila hospitali, hakuna duka.

"Lakini sikumwachisha," alisema. "Nilimpumzisha."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Majuma mawili yaliyopita mpiga pasi, mwenyeji wa nchi hiyo, alimwambia kwamba ana mimba ya miezi mitano. Mama Foronya alifurahi kana kwamba ni mjukuu wake. Akamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, mdogo wangu. Mvuke huu haumfai mtoto. Ukishajifungua, tutaonana." Akampa blanketi mbili za kichanga. Mpiga pasi alisimama mlangoni kwa muda, kisha akaondoka bila kuaga. Mama Foronya alidhani amezidiwa na shukrani.

Mumewe aliposikia habari ya simu, alifunga mlango wa stoo na kunong'ona.

"Tuseme alitaka mwenyewe. Mlikuwa wawili tu. Nani alisikia?"

"Mungu alisikia."

"Mungu hataitwa kutoa ushahidi, mke wangu."

Mama Foronya alichukua mwavuli akaenda duka la jirani, kwa mfamasia. Mama huyo naye alikuwa mhamiaji, na alikuwa ameajiri watu kwa miaka mingi. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akipanga chupa za dawa.

"Ulimuuliza anataka nini?" aliuliza.

"Nimuulize nini, jirani? Ana mimba, na pasi ile inafuka kama jiko."

"Basi hukumpumzisha. Umemfukuza kwa maneno matamu."

"Mimi? Nilimpa hata blanketi."

"Blanketi hailipi kodi ya nyumba." Mfamasia aliweka chupa chini. "Sikiliza. Sheria ya hapa haipimi moyo wako. Inapima ulichofanya. Mjamzito haondolewi kazini kwa sababu ya mimba yake. Kazi ikiwa na hatari kwake, unambadilishia kazi, kwa mshahara ule ule. Kazi nyepesi ikikosekana, anapumzika huku akilipwa. Likizo ya uzazi ina tarehe yake, mnakubaliana. Na nafasi yake inamsubiri."

"Hakuna aliyenifundisha hayo."

"Na wewe hukuuliza. Sheria ya kodi ulijifunza. Sheria ya moto ulijifunza, hata mitungi ya kuzimia moto umeitundika. Ya kazi ulidhani unaijua kwa kuwa una huruma."

Mama Foronya aliinama. "Mume wangu anataka tukanushe."

"Kosa la kutojua hurekebishwa. Uongo mbele ya afisa ni kosa jingine, na njia ya mwongo ni fupi. Shauri lenu."

Alhamisi ilifika. Afisa aliingia na koti lililolowa, na mpiga pasi akiwa nyuma yake. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Mama Foronya alimvutia kiti, lakini yeye alibaki amesimama.

"Nani aliamua mfanyakazi huyu aondoke?" aliuliza afisa.

"Aliomba mwenyewe," alisema mume haraka. "Alisema amechoka."

Mpiga pasi alimtazama Mama Foronya. Wifi aliinua pasi juu ya shuka na kuishikilia hewani, mvuke ukitoka.

Afisa akageuka. "Na wewe, mama? Ndivyo ilivyokuwa?"

Neno moja lilitosha kuliokoa duka. Mama Foronya alilionja ulimini. Lilikuwa chungu kama shubiri.

"Hapana," alisema. "Hakuomba. Mimi ndiye niliyemwondoa, kwa sababu ya mimba. Niliona ni wema. Sikumuuliza."

Mumewe aliangalia sakafu kama mtu aliyepoteza kifungo cha shati.

"Mimi ni mjamzito, bosi, si mgonjwa," alisema mpiga pasi. "Majuma mawili nimekaa nyumbani, nikiwaza nitaishije. Mwenye nyumba haulizi kama bosi wangu ni mwema. Ungeniuliza, ningekuambia unipe kiti na unitoe kwenye mvuke. Basi."

"Nimekukosea," alisema Mama Foronya.

Afisa alifunga kalamu yake. "Mngeshikilia uongo, shauri hili lingekwenda mbele. Mkimrudisha kwa mshahara wake kamili, pamoja na wa majuma haya mawili, nitatoa onyo na kibali kitabaki. Lakini sharti yeye akubali kurudi."

Wote walimgeukia mpiga pasi.

"Nitarudi," alisema. "Kazi ya kaunta, nikiwa nimekaa. Tarehe ya likizo tupange pamoja. Na bwana huyu aseme kwamba sikuomba kuondoka."

"Hukuomba," alisema mume.

"Kaka, sauti haifiki huku," alisema wifi.

"Hukuomba kuondoka," alirudia mume. "Nilisema uongo. Nisamehe."

Afisa aliandika onyo, akavaa koti lake, akaenda kukagua duka jingine. Wifi alisaini mkataba wake wa kwanza wa ajira na kubaki kwenye pasi, na mashuka yakaacha kuungua. Mume alilipa mshahara wa majuma mawili siku hiyo hiyo. Mama Foronya alikwenda ofisi ya kazi, akachukua mwongozo wa waajiri, akausoma wote, kisha akarudi kuuliza maswali manne. Mfamasia aliendelea kuuza dawa. Mpiga pasi alianza kazi ya kaunta Ijumaa, na miezi mitatu baadaye akaenda likizo ya uzazi katika tarehe aliyoichagua mwenyewe.