Chakula cha Goti

Bahadurali, muuza vitambaa wa Mji Mkongwe, alimpenda mkewe, Mehjabeen, kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Tangu goti la mkewe lilipovimba, hakumruhusu hata kwenda jikoni. Kila asubuhi alimpandishia supu ya makongoro hadi ghorofa ya tatu.

"Kunywa, mafuta ya goti yamekwisha. Na usinyanyuke!"

"Nshakunywa miezi mitatu," alisema Mehjabeen. "Mie nnataka kumuona mama tu."

Mama yake, Bi Sahar, anaishi Kiembe Samaki. Ni mzee sana, hawezi kupanda ngazi. Binti naye hawezi kuzishuka. Kila siku walizungumza kwa simu, wakaishia kulia. Bahadurali aliwaonea huruma, basi akazidisha supu.

Siku moja aliingia jirani yao Nassra, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, Mzee Bahadurali."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mtazame mwenzangu."

Nassra alilishika goti. Lilikuwa la moto. "Dawa za daktari anakunywa?"

"Nimezizuia. Supu inatosha."

"Supu ni chakula kizuri, mzee, lakini haiendi moja kwa moja gotini. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu. Ni laini lakini gumu kidogo, kama sikio lako. Halina mishipa ya damu. Seli zake hupata chakula kwenye ute wa goti, na ute husukumwa goti linapokunjwa na kunyooshwa. Akikaa tu, chakula hakifiki vizuri."

"Na huu uvimbe?"

"Uvimbe hupeleka ishara kwenye seli. Seli huvuta sukari kwa pupa, lakini badala ya kulijenga gegedu, hulibomoa. Dawa hutuliza ishara hizo. Mwendo hupeleka chakula. Anahitaji vyote viwili."

Bahadurali aliona haya. "Kumbe goti la mke wangu nimelilaza na njaa!"

"Hukujua, bwana," alisema Mehjabeen kwa upole. "Nipe mkono."

Alianza dawa kama daktari alivyoandika. Uvimbe ulipopungua, alikunja na kunyoosha goti kitandani, taratibu. Likiuma sana, aliacha. Kisha akatembea chumbani kwa fimbo, kisha ngazi mbili, kisha tano, Bahadurali akitangulia mbele yake kwa wasiwasi.

Wiki ya kumi walifika Kiembe Samaki. Bi Sahar alisikia fimbo ikigonga sakafu.

"Nani huyo?"

"Mie, mama."

Bi Sahar alisogea kitandani, akampa nafasi. Mehjabeen alikaa, akakunja magoti yote mawili, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake.